Bi Chausiku na Fisi Mwenye Kofia

"Huyo fisi ni mimi! Usinizungushe, Chausiku. Fisi gani anavaa kofia ya kaki?"

"Fisi wangu anavaa anachotaka, Dadi."

"Na kupiga hodi kila chungu kikiepuliwa?"

"Kwani wewe huwa unapiga hodi saa ngapi?"

Waliokuwa uani wakavunjika mbavu.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ni Kilakala, Morogoro, enzi za Mjerumani, reli ndiyo kwanza imefika. Dadi, kibarua wa reli, kofia yake haivui hata akila. Anayemjibu ni jirani yake, Bi Chausiku, mtunga hadithi. Ndiye tunayemkumbuka leo. Bi Chausiku wa Kilakala, aliyetutoka wiki hii akiwa mkongwe hasa.

Tuseme kweli, Dadi alikuwa na hoja. Waluguru wana watani wao, ukoo na ukoo. Mtani utamsema hata msibani, naye atacheka. Dadi hakuwa mtani wake. Basi akamshtaki kwa jumbe, na jumbe akakata shauri: asiye mtani asionekane hadithini. Ukirudia, mama, hadithi basi.

Hadithi basi! Kwa Chausiku, mjane kijana, hiyo ilikuwa sawa na kufungiwa mlango. Mjukuu wake, Shamsia, ametuambia: "Bibi alianza kutunga ili watu wasiondoke mapema."

Siku hiyo alichambua maharage huku akimchambua na fisi wake. Kofia akamvua. Hodi akaifuta. Akampa mwendo wa huyu, kikohozi cha yule, woga wa mwingine. Uroho je? Uroho akautoa kwake mwenyewe.

"Bibi alisema ukimchukua mtu mzimamzima, huo ni umbea," anasema Shamsia. "Ukichanganya watu, na wewe ukajitia humo, ndipo fisi anaanza kutembea mwenyewe."

Jioni ua ukafurika, hadithi ikaanza. Watu wanapigana viwiko. "Wewe huyo!" "Mimi? Jitazame!" Jumbe mwenyewe alikohoa, kisha akajuta kukohoa. Na nani angeshtaki? Kushtaki ni kukiri.

Ila mtu mmoja, kule nyuma uani, hakujiona kabisa. Dadi.

Kwa Shamsia na ukoo wote wa Bi Chausiku, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote tuliowahi kucheka uani kwake. Nawe unayesikiliza, leo ukimcheka fisi wa hadithi, hebu jiulize ni kipande gani chake kimetoka kwako.

Lakini nisimwache Dadi mlangoni. Kesho yake, chungu kinaepuliwa, hodi! Amesimama, kofia mkononi.

"Chausiku, mbona mimi simo?"

"Jumbe kakataza."

"Mwenye sura ni mimi, nami nimeruhusu. Nirudishe, dada. Japo kofia tu."

Chausiku akamkazia macho, kicheko kimemjaa mashavuni.

"Kofia nitaifikiria. Wewe nawa mikono uingie, ugali unapoa."