Aliye Darajani Mngoje Chini

Pale daraja linapoanzia, upande wa mjini, pana ubao uliolazwa juu ya matairi mawili yaliyojazwa zege, na ubao huo ndio bunge. Daraja lenyewe ni lile la kwenye kalenda na majalada ya madaftari, lile ambalo watu hutoka mbali, watoto wamevalishwa viatu vipya, waje kupiga picha nalo. Limepinda mgongo katikati kama paka aliyeshtuka, kwa hiyo ukiketi hapo unaliona nusu tu, nusu nyingine imejificha nyuma ya nundu. Anayekodisha baiskeli hapo anaitwa Breki, kwa kuwa ndicho kitu anachokisifia zaidi na ndicho baiskeli zake zinachokosa. Kahawa anachemsha mwenyewe. Wa pili ni Redio, kinyozi wa kibanda cha jirani, wateja humwisha lakini habari hazimwishi. Wa tatu ni Mzee Wahenga, karani mstaafu, hamezi kahawa bila kutanguliza methali, na methali yenyewe haijawahi hata siku moja kutua inapotakiwa. Jioni hiyo alikuwepo na wa nne, mgeni wa benchi: mama kijana, ameketi pembeni kabisa mwa ubao, mkoba mapajani, chupa ya maziwa ya mtoto mkononi, macho yake yote kwenye ile nundu.

Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa amepanda huko na binti yao ambaye hata miaka miwili hajafikisha, amemweka kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli nyekundu, akasema wanakwenda kulitazama daraja na kurudi, maziwa hayatapoa. Maziwa yalipoa zamani. Yeye alibaki kwa woga tu, si kwa kitu kingine, maana alipochungulia akaona maji kule chini alirudi nyuma kinyumenyume, akasema nendeni, mimi nitalinda mizigo, na mizigo yenyewe ndiyo huo mkoba, na sasa jua limeanza kuinama na yeye bado analinda mkoba.

— Kunywa kahawa, shemeji, alisema Breki. Mtu akingoja na tumbo tupu huona mambo.

— Asante, kaka. Ila nilikuwa nauliza, ule mkanda uliomfungia mtoto, ule wa mpira, si unashika?

— Ule? Ule ni tyubu ya lori, shemeji. Tyubu ya lori inabeba lori.

— Haibebi lori, alidakia Redio. Inabeba hewa. Hewa ndiyo inabeba lori.

— Basi mtoto ana uzito gani wa kuishinda hewa?

Hilo halikumtuliza. Aliuona ule mpira, aliuona fundo lake, akajaribu kukumbuka kama fundo lilikuwa moja au mawili, na kila alipokumbuka lilizidi kulegea.

Mara bati la biskuti chini ya benchi likaanza kuimba. Hiyo ndiyo desturi ya Breki: hapokei kitambulisho kama rehani, maana wameshamwachia vitambulisho vya marehemu wakatokomea na baiskeli. Anachukua simu. Mtu, husema, anaweza kuikimbia sura yake lakini si simu yake. Kwa hiyo mchana kutwa mama huyu amekuwa akimpigia mumewe na kusikia mumewe akilia chini ya makalio yake mwenyewe. Sasa lakini hakuwa amepiga yeye. Breki alifunua bati, akamwonyesha kioo cha simu.

— Mama mkwe, alisema yule mama.

— Usipokee, alisema Redio. Atauliza mjukuu yuko wapi.

— Nimwambie nini?

— Mwambie yuko juu.

— Juu wapi, wewe! alifoka Breki. Unataka bibi wa watu azirai?

Simu ililia mpaka ikachoka. Breki akafunika bati taratibu, kama mtu anayefunika chungu cha mwenzake.

— Mimi nawaambia ni upepo, alianza Redio. Pale kwenye nundu pana upepo usiotangazwa. Hautoki pembeni, unatoka chini. Ulishamnyanyua mtu na mwavuli wake, akatua ng'ambo miguu mikavu.

— Ulimwona?

— Nilimnyoa.

— Huyo aliyeruka?

— Binamu yake.

Mzee Wahenga alipuliza kahawa yake.

— Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Mzee, maji yameingiaje hapa?

— Si yako chini ya daraja?

Mama aliishika chupa kwa mikono miwili. Maji, alifikiri, kwa nini ataje maji, kwani kuna mtu alikuwa ameyataja?

— Upepo si hoja, alisema Breki. Mimi naogopa binadamu. Samahani, shemeji, lakini mumeo nimempa ile nyekundu, na ile nyekundu ina kengele si ya kawaida. Mtu akishailiza mara moja, roho yake haiwi ile ile. Na ng'ambo kule nasikia kuna soko.

— Mume wangu si mwizi! Mchunge ulimi, kaka!

— Sijasema mwizi. Nimesema kengele.

— Na simu kaiacha, alisema Redio kwa sauti ya chini, kama anajisemea. Na mke kaacha. Labda kapiga hesabu.

Hapo ndipo palipomchoma. Maana asubuhi walikuwa wamerushiana maneno, si makubwa, juu ya kofia tu, yeye anasema mtoto avae kofia, baba mtu anasema mtoto anatokwa jasho, na yeye akamalizia kwa kusema basi mchukue awe wako peke yako. Alisema hivyo. Kwa mdomo wake. Nani hajawahi kusema hivyo? Lakini si kila anayesema hivyo huketi mchana kutwa mwanzoni mwa daraja akiitazama nundu.

— Au wamelifungua, alisema Redio.

— Daraja hili linafunguka?

— Yote maarufu yanafunguka. Meli ya wakubwa ikipita wanalipasua katikati, kipande huku, kipande kule. Shida ni kulirudisha. Nani anahakikisha vipande ni vile vile? Unaweza ukawa juu ya kipande, kumbe kimeshaungwa kwenye daraja la wenzetu.

— Ndiyo maana wengine hawaonekani tena, alikubali Breki, akitikisa kichwa.

— Hamjui kitu, alisema Mzee Wahenga. Daraja hili ni refu kuliko linavyojionyesha. Kwenye kalenda yangu limechapwa juu ya miezi yote kumi na miwili. Huyo bwana anaendesha sawasawa, wala hajachelewa. Huenda sasa hivi yuko mwezi wa sita.

— Mwezi wa sita! Mama aliruka wima. Mwanangu hajala tangu asubuhi!

Vijana wawili walikuwa wanateremka kutoka juu, breki zikipiga mayowe. Aliwakimbilia mpaka katikati ya njia. Je, wameona baiskeli nyekundu, baba na mtoto mdogo, mtoto ana nguo ya njano? Mmoja alisema baiskeli wameona nyingi. Wa pili alisema, huku anapita:

— Kule mwisho kuna watu wamekusanyika. Sijui kuna nini.

Alirudi benchini hajui kama ametembea au amebebwa. Watu wamekusanyika. Watu hukusanyika kwa nini?

— Usilie, binti, alisema Mzee Wahenga, na kwa kweli sauti yake ilikuwa ya huruma. Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Hata Redio alizimika.

— Mzee!

— Nilikuwa namfariji.

— Hiyo ndiyo faraja?

Hapo akatokea mwanamke mnene mwenye kofia pana na kamera shingoni, akauliza kama baiskeli zipo. Badala ya kumjibu wakamsimulia wote kwa pamoja, upepo, kengele, meli, mwezi wa sita, kila mtu akivuta kwake, mpaka kahawa ikachemka na kumwagikia makaa. Mwanamke alisikiliza yote. Akamtazama mama, akazitazama baiskeli zilizopangwa ukutani, zimefungwa kwa mnyororo mmoja, akauliza:

— Sasa nani amekwenda kuwaangalia?

Breki alisema yeye analinda mali. Redio alisema mteja akija atamkosa. Mzee alisema aliye juu mngoje chini, na kwa mara ya kwanza akaonekana hana hakika na methali.

— Haya. Na huko ng'ambo kukoje?

Breki aliinama kuliangalia jiko. Redio alijikuna kisogo. Mzee Wahenga alikigeuza kikombe chake, kilikuwa kitupu. Mama aliwatazama mmoja mmoja, akaelewa. Hawajawahi kuvuka. Hakuna hata mmoja. Na yeye, mwenye mtoto, amekuwa akiwauliza wao.

— Nifungulie moja, alisema.

— Shemeji, unajua kuendesha?

— Sekondari nilikuwa naenda kwa ya kaka yangu. Fungua!

— Ila utaratibu, rehani...

Aliitupa simu yake ndani ya bati, juu ya ile ya mumewe, akapanda.

Upepo ulikuwepo kweli, hilo Redio hakudanganya. Hakutazama chini. Alitazama tairi la mbele tu, akasema na tairi, twende, twende, usinitupe, nina mtoto, na mapaja yakawaka moto, na vyuma vikapita, na daraja zima likatetemeka kila gari lilipopita au labda ni yeye, mpaka akafika kwenye nundu na ng'ambo yote ikajifunua kwa mara moja, na cha kwanza alichokiona ni ile baiskeli nyekundu, imelala ubavu kando ya njia, na watu wamekusanyika hapo karibu.

Aliteremka akipiga kelele. Breki hazikushika, aliburuza viatu.

Walikuwa wazee na vijana wamebanana kwenye benchi la ng'ambo, vikombe mikononi. Katikati yao alikaa mumewe, na kifuani kwa mumewe alilala binti yake, mdomo wazi, anakoroma. Mmoja wa wale wazee alikuwa anamalizia:

— ...mwanamke wa hivyo, mwanangu, asharudi kwao huyo.

Mumewe alisimama.

— Breki zimekatika mteremkoni, mke wangu. Niliogopa kurudi naye, hata kwa miguu, kwa ule upepo. Na kumwacha kwa watu nisiowajua siwezi. Nimeazima simu za wote hawa.

— Sasa mbona hukupiga?

— Namba yako siijui kwa kichwa.

Mkewe alimchukua mtoto, akamnusa shingo, akamhesabu vidole, akamgeuza masikio, mtoto akakunja uso na kuendelea kulala. Ndipo wakampisha nafasi akaketi.

— Haya, alisema, machozi yakiwa bado yanamtoka. Itaje.

— Nini?

— Namba yangu. Sifuri, saba. Endelea.

— Sifuri, saba... nne?

— Sita! Anza upya.

Alianza upya, akakosea katikati. Akaanza tena, akakosea mwishoni. Jua liligusa maji, hakuna aliyeinuka, na benchi zima likawa limeshaikariri, linamsaidia kwa sauti moja kama darasa. Yeye bado.

— Tena, alisema mkewe.