Mzee Pua Akabidhi Chumba cha Kukaushia

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mzee Pua anastaafu ukuu wa chumba cha kukaushia. Jina lake halisi lipo ofisini; sisi wengine tumeshalisahau.

Alianza kwa kuosha mizizi uani, enzi ambazo kiwanda kilikuwa na vyumba viwili na kinu kimoja chenye kelele kuliko kazi. Wateja wetu wengi ni watu waliochoka: wauguzi wa zamu, madereva, kina mama wenye mawazo. Wanafuata unga wa uyoga na mizizi ambao wazee wao waliunywa ili mwili uhimili shida. Mzee Pua aliinusa kila trei kabla haijasagwa. Uyoga ukiwa umevunda kidogo tu, hata macho yasipoona, alirudisha trei nzima, na meneja akanuna mpaka jioni.

Miaka mitatu iliyopita alipata mafua makali. Aliporudi kazini akaanza kubeba trei hadi meza ya kufungashia, alikofanya kazi mkewe, eti amekuja kumjulia hali. Tulimtania bila huruma kwamba mapenzi yamechipua upya uzeeni. Yeye alicheka, mkewe akanusa, trei ikaenda kinuni.

Siku moja mkewe hakuja. Dada yake alikuwa amelazwa. Gari la mteja mkubwa linanguruma nje, trei zimejaa uyoga, nasi tunamsubiri mzee anuse. Angeweza kubahatisha. Nani angejua? Badala yake alisimama katikati ya chumba akatuambia kwamba tangu yale mafua hasikii harufu yoyote, na kwamba hawezi kumnywesha mtu kitu asichokuwa na hakika nacho. Akavua koti lake la kazi, akalikunja, akaliweka mezani kwa meneja. Baadhi yetu tulilia waziwazi, nami nikiwemo.

Meneja wetu si mtu wa maneno. Aliliacha gari liondoke tupu, akamvika mzee koti lake, na kesho yake kiti cha mke kikahamishiwa chumba cha kukaushia. Tangu hapo wamefanya kazi meza moja: mume anauvunja uyoga kwa vidole kujua kama umekauka, mke ananusa, na kutwa nzima wanabishana. Sasa mke ndiye mkuu mpya wa chumba, na ameshamwonya mumewe asije kumchungulia dirishani.

Kwenye chai ya kumuaga tulimuuliza ni harufu gani anayoitamani zaidi. Tulidhani atataja mdalasini, au uyoga uliochumwa asubuhi. Akasema ni ya mkewe anapoamka. Mama wa watu akajifunika uso kwa aproni.

Mzee wetu, ahsante kwa mikono yako na kwa ukweli wako. Pumzika, ule vizuri, ulale vizuri. Nasi tunakuombea asubuhi moja uamke na, kabla hujafumbua macho, ujue ni nani aliye kando yako.