Kamera Isiyo na Filamu

Katika basi la Sotik, mwaka 1999, Weldon alimwonyesha Priscah, mama aliyeketi kando yake, kamera yake ya kwanza ya kidijitali. Bintiye Priscah angeolewa Jumamosi, na Weldon aliitaka kazi ya kupiga picha za harusi.

"Haitumii filamu, mama."

"Hata yule mpiga picha wa harusi yangu hakuwa na filamu. Alituwashia flashi siku nzima, na sina picha hata moja!"

Weldon alimpiga picha, akamgeuzia kioo cha nyuma ya kamera. Priscah alijikagua kwa ukali wa karani anayepokea majani chai kwa wakulima.

"Ni mimi kabisa! Lakini ukutani nitatundika nini, kijana? Kamera?"

Basi likasimama Kaplong.

"Jumamosi saa tatu," Priscah alisema akishuka. "Na usichelewe!"

Weldon alibaki kitini, mpiga picha wa harusi.