Jivu la Moto

Benchi lile lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa tofali. Limeegemea ukuta wa fundi viatu, na wanaolikalia wanajua kwamba mmoja akiinuka ghafla, wenzake wote wanaonja vumbi. Mwenye kahawa ni Bi Birika, mjane mwenye wajukuu tisa, anayeuza asubuhi na kulima maharage jioni. Siku hiyo alikuwa amemwaga vikombe viwili kwa kutazama barabara. Watu wa mradi, waliokuja msimu uliopita kumuuliza anavyotunza mbegu zisibunguliwe na wadudu, walikuwa wamemwachia kijitabu chenye picha yake, na karatasi ya kutia dole gumba. Gari lingerudi saa nne. Akitia dole, kijitabu kinakwenda vijiji mia mbili, sura yake juu. Naye hajui kusoma. Kwa hiyo alimpa Profesa akisome.

Profesa ndiye huyo fundi viatu. Cheo alijipa mwenyewe. Alilitazama jalada, akatikisa kichwa kama mganga, kisha akaanza kujipepea nacho.

— Bi Birika, hongera. Umeshirikishwa!

— Ndiyo nini hiyo?

— Kushiriki ni kwenda mwenyewe. Kushirikishwa ni kama kunyolewa. Wewe tulia tu, wembe wanao wao.

Redio, mlinzi mstaafu ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, akadakia:

— Tia dole, shangazi, usijivute. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Hukumwona mpiga picha alivyochuchumaa?

— Alichuchumaa apige miguu yangu, Redio. Sikuwa na viatu.

— Hayo ndiyo maarifa ya asili! akasema Profesa. Ungevaa viatu, wafadhili wangekasirika.

— Mimi nimesikia sauti yako inatiwa kwenye mtambo, Redio akaendelea. Mkulima wa ng'ambo akibonyeza kitufe, wewe unakohoa.

— Na mdudu akisikia kikohozi hicho, anahama na ukoo wake! Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo, Profesa?

— Kinaingia popote. Ndiyo sifa yake.

Bi Birika alicheka mpaka akashika ubavu, lakini macho hayakubanduka kwenye kijitabu kile kilichokuwa kikipepea. Alimsikia marehemu mama yake, sauti ile ile ya wakati wa kupepeta: "Mbegu haina msamaha, mwanangu. Ukiikosea leo, utaambiwa na mvua." Vijiji mia mbili! Mvua ingewaambia watu wangapi?

Ndipo akaja fundi cherehani, binti aliyehamia chumba cha jirani juzi, na kikombe chake mkononi.

— Shikamoo bibi. Shikamooni wazee. Humo ndani wameandika nini?

Profesa aliacha kujipepea.

— Miwani yangu iko kwa fundi, akasema.

— Mimi husikiliza, akasema Redio. Kusoma si idara yangu.

Binti akakichukua kijitabu, akasoma polepole:

— "Kausha maharage juani siku tatu. Changanya na jivu la moto. Funika chungu."

Bi Birika akaliweka birika chini.

— Rudia hapo kwenye jivu.

— "Jivu la moto."

— Mimi nilisema jivu la moto wa kuni! Si la mkaa. Jivu lililolala, likapoa, likachekechwa!

— Kwa hiyo, bibi, hizi mbegu...

— Zitaiva, mwanangu. Watu wa vijiji mia mbili watapanda bisi.

Honi ikalia. Bwana wa mradi akatoa kichwa dirishani, kidau cha wino kiganjani.

— Bibi yetu! Dole liko tayari?

Bi Birika akalificha dole ndani ya ngumi.

— Shuka, baba. Kaa hapo upande wa tofali, taratibu. Kidau weka, shika kalamu. Leo mimi ndiye ninayekushirikisha.

Bwana akakaa, benchi likaguna. Akaandika alivyoambiwa, akafuta, akaandika tena, na kila mstari binti akausoma kwa sauti mpaka Bi Birika akaitikia. Profesa akasogeza kikombe chake kimyakimya.

— Rudisha mkono, Profesa. Kahawa iliyobaki ni ya waliosoma.