Mwila Paulin Hakukuwaka Mwizi

Bababa na bamama, bajirani ba Kamalondo, na batu bote ba paruasi, ba kanisa yetu, familia ilinichagua miye Myriam, yaya ya marehemu, dada yake mukubwa, nisome maisha yake, bakasema njo miye niko na français mingi na licence ya droit, ile licence yenye haijanipatia hata kazi ya kufungua mulango, basi leo itatumika, et tant pis kwa mwenye masikio itamuuma.

Mwila Paulin alizaliwaka Kilwa, ile ya ku ziwa yetu, tarehe 14 mwezi wa tatu 1998, mutoto wa mwisho wa marehemu baba Pierre Ngosa, fundi wa mashua, na mama Brigitte Chama, mwenye kuikala hapa mbele yenu, na kisha kifo cha baba, mu 2006, tulikuya Lubumbashi ku nyumba ya yomba Kabwe, ndugu ya mama, mushonaji, mwenye alitulea.

Masomo alisomea hapa, akapata diplôme d'État mu 2016, akaingia université ya Kasapa, na tarehe 29 mwezi wa kumi 2022 akatoka na licence ya géologie, tukamumwangia poudre ya furaha mpaka akapiga chafya mbele ya baprofesa.

Kazi, bababa na bamama, sitakawia, alikuwa journalier, mutu wa kulipwa kwa siku, wa sous-traitant mumoja ku mine, géologue wa kubeba mifuko ya majiwe, kuanzia mwezi wa pili mpaka mwezi wa kenda 2023, kisha bakamufukuza na message ya telefone, akarudia kwa yomba kushona matundu ya vifungo, na alishonaka muzuri.

Tarehe 17 mwezi wa pili 2024 alijionyesha kwa bazazi ba Daniella, muchumba wake, ndoa ya kanisa ilikuwa ingali njiani, na Mungu akabapa binti, Bénie, tarehe 9 mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule, mwenye anatambaa hapa kati ya viti na hajui ni kilio ya nani.

Ugonjwa ulianza mwanzo wa 2025, hakukuwa analala tena, anasikia mashini zinachimba chini ya nyumba, bamoja bakasema ni ndoki, ni uchawi, bengine bakasema tufunge na kuomba, lakini muganga akasema ni ugonjwa wa kichwa, uko na jina na uko na dawa, akaikunywa, akapona, akaanza tena kuniita avocate wa ku baraza. Mu mwezi wa saba ile dawa ikapotea ku mapharmacie yote, na mashini zikarudia.

Siku ya mardi, tarehe 19 mwezi wa munane, asubui, alitoka bila viatu, anagonga milango ya avenue muzima, anaambia batu batoke na batoto juu udongo utabomoka, na mupangaji mumoja mugeni, mwenye hakumujua, akatelefonia bapolisi asema kuko mutu anamuvunjia mulango. Yomba na bajirani bakamushika pole pole, mama akapasua kikwembe chake, tukamufunga mikono, vile tunafanyaka siye wote na mugonjwa wa kichwa, kikwembe juu kamba isimuumize, tukawa tunangojea taxi ya kumupeleka ku lupitalo. Jeep ya bapolisi ikafika kabla ya taxi, na mu muji huu mutu wa kufungwa mikono katikati ya batu munajua bote anaitwaka nani, mwizi.

Mama akapiga magoti, «Chef, huyu ni mutoto yangu, iko mugonjwa.»

Chef akaangalia mikono, akasema, «Kama iko mugonjwa, mulimufungia nini?»

Miye nikafungua kinywa na article ya sheria, akaniambia, mademoiselle, cours yako ukaifundishe sufuria. Bakamupandisha na matako ya bunduki, yeye analalamika tu bashuke, bakimbie, udongo utabameza, ndiyo, mudogo yangu alikuwa anatafuta kuokoa hata bale.

Ku buloko ya bapolisi infirmière Gaëlle alienda na sindano na karatasi ya muganga, bakamurudisha, bakasema mwizi anangojea OPJ, mupolisi wa kufanya upelelezi, hapana sindano. Siku ya jeudi, tarehe 21, bakatuita, bakasema alikufa na crise, lakini mugongo wake tuliuosha siye, na siye tunajua kusoma alama za fimbo.

Tunashukuru muganga, tunashukuru Gaëlle, bajirani benye kulala hapa inje na siye, bashonaji ba yomba benye kumushonea costume hii, na hata ule mupangaji, mwenye alikuya kulia ku magoti ya mama, abakie, tunamuona. Kwa bapolisi sina aksanti, nimeitafuta, nimeikosa.

Lakini ku mabar banasema mwizi wa avenue yetu alikufa. Bon. Sanduku lingali hapa, kama kuko mutu wa Kamalondo mwenye Mwila alimwibia, hata sindano ya kushonea, asimame sasa, aseme mbele ya mama, miye ninanyamaza, ninangojea.

Kama hakuna mwenye kusimama, basi vijana mubebe sanduku, na kila mwenye alikuwa hapa akaseme kwenye ile mabar kwamba alingojea na siye, na hakuna mwenye alisimama.

Mwila, mudogo yangu, pumuzika na amani.