Aloys wa Muchele Mulangoni, Aliyejifunza Kunyamaza

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Aliye na mboga motoni apunguze moto kwanza, maana sitaki lawama ya sufuria iliyoungua. Leo tunamkumbuka Papa Aloys Cirhuza wa Kadutu. Aloys Cirhuza, yule wa mchele. Presha imemchukua wiki iliyopita, na mimi bado siamini.

Ninyi mnamjua. Groupe ya WhatsApp ya chorale, kwaya yetu, alikuwemo. Ya majirani wa avenue, alikuwemo. Ya mamans wa parokia, jamani, alikuwemo vilevile, tena ameweka picha ya mke wake, Maman Virginie! Walipokuja kushtuka, alikuwa ameshatoa mashauri ya kunyonyesha.

Kwa nini kujipenyeza hivyo? Papa Aloys alikuwa ameanzisha kampuni changa, Muchele Mulangoni. Unaagiza kwa simu, mchele wa Luberizi unakufikia nyumbani. Wakulima wa Luberizi walimwamini wakamkabidhi mavuno yao yote. Mchele ule ungekosa wateja, familia zile zingelala njaa. Hilo lilimkosesha usingizi. Basi kila asubuhi alimwaga tangazo lilelile katika kila groupe, bila kuangalia watu wanaongea nini.

Siku moja mzee mmoja wa chorale akafariki. Mnajua desturi yetu: mtu akifa, groupe ya matanga inafunguliwa papo hapo. Nani analeta viti, nani bâche ya kuzuia mvua, nani atapika. Watu wanaandika pole. Katikati ya pole hizo, pu! Tangazo la Aloys: "Kula vizuri, uishi miaka mingi! Muchele ya Luberizi, haina mawe!"

Miaka mingi! Katika groupe ya matanga!

Admin wa groupe hiyo, na wa ile ya chorale, alikuwa Maman Marcelline, mwanamke asiyebembeleza mtu. Akajibu: "Aloys, maiti haiyatoka ku morgue na weye uko unauzisha? Hauna ata haya?" Akamtoa. Habari zikasambaa, na groupe nyingine zikamtoa pia. Mamans wa parokia ndio walimtoa kwa furaha zaidi.

"Telefone yake ilinyamaza," Maman Virginie ameniambia. "Alikuwa anaifungula, anaifunga, anaifungula. Ilinifanya mbaya mu roho. Nikamuambia, papa, enda ku matanga, ukae na batu. Lakini usibebe ata punje moja ya muchele."

Akaenda. Maman Marcelline akamzuia mlangoni: "Umekuja kuuzisha nini?"

"Hapana, maman. Nimekuja kulia."

Na alilia, wasikilizaji! Alilia mpaka mjane akainuka kumbembeleza yeye. Kisha akapanga viti, akachota maji, akabaki hadi matanga yalipoisha. Maman Marcelline akamrudisha kwenye groupe ya chorale kwa sharti moja: aongee yote, ila mchele asiutaje.

Akatii. Nani anajua fundi wa paa? Papa Aloys anajua. Barabara ya Bunyakiri inapitika? Papa Aloys ameshauliza madereva. Mtoto amezaliwa? Papa Aloys wa kwanza kupongeza. Mchele, kimya. Na huku ghalani magunia yamegusa dari, na wakulima wanapiga simu kuuliza habari.

Ikafika siku Maman Clémence, mwimbaji wa chorale, akaandika: "Nani anajua kwenye ntapata muchele haina mawe?"

Lo! Hata mimi niliacha chai yangu. Tukaona: Aloys anaandika. Akaacha. Aloys anaandika. Akaacha. Mwishowe akatuma: "Maman, ku soko ya Kadutu kuko wamama wazuri. Uliza pale."

Huyu mtu! Ana ghala lililojaa, anamtuma mteja kwa wengine! Maman Marcelline akashindwa kuvumilia. "Weye Aloys, uko mujinga? Sema muchele yako!"

"Mulinikataza, maman."

Basi Maman Marcelline, kwa mkono wake mwenyewe, akaandika namba ya simu ya Aloys. Chini yake akaongeza: "Huyu tunamujua." Mchele ukaisha ghalani. Watu wa Luberizi wakala, watoto wakarudi shule. Mamans wa parokia nao wakamwita tena, safari hii kwa picha yake mwenyewe.

Juzi tulikaa kwenye matanga yake. Maman Emérence, mkulima wa Luberizi, alikuwa pale, mashamba yake yanakaribia kuvunwa. "Nilisema kazi imekufa na yeye," ameniambia. "Nilikuwa naogopa ata kuuliza."

Hakuuliza. Maman Marcelline na wenzake wa chorale walikuja mbele ya Maman Virginie. Yeye akadhani wanaaga. Maman Marcelline akakohoa kidogo, akasema: "Maman, mavuno iko karibu, na sisi tutaiuzisha. Gunia tuziteremushe kwa nani?" Maman Clémence akajibu kwake kuna nafasi. Maman Emérence akalia upya, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kwako Maman Virginie, kwa watoto, na kwa ndugu zetu wa Luberizi, redio hii inalia pamoja nanyi. Mungu ampokee Papa Aloys.

Na ninyi mnaomwaga matangazo kila asubuhi, ninawajua, wengine mko na namba yangu. Ninawaachia swali moja mlale nalo. Ukifa leo, katika groupe zako zote, ni nani atauliza magunia yako yateremshwe wapi?