Kizibo Mfukoni mwa Fundi Sikio

Wasikilizaji wapendwa, leo hapa redioni tunamkumbuka fundi wetu wa magari, Fundi Sikio. Nina wasiwasi, kwa hiyo mnivumilie.

Jina hilo alilipata kwa kuweka kipande cha mpira sikioni na kusikiliza injini. Mteja akizidisha maneno, alimwambia, "Nyamaza kidogo, naongea na mwenye akili." Watu walicheka, na walirudi kwake.

Sifa yake ilikuwa magari ya milimani. Loki za magurudumu ya mbele, zile za kuyafanya nayo yasukume gari, zinazovutwa kwa hewa, zikianza kusumbua, yeye alizitoa akaweka za kuzungusha kwa mkono. Mafundi wengine huishia hapo. Mipira ya kupitishia hewa iliyobaki bila kazi wanaiacha inaning'inia. Hilo lilimkera kupita kiasi. Mpira ukibaki wazi, injini inavuta hewa isiyotakiwa, na breki zinakuwa ngumu kukanyaga, gari halisimami upesi. Narudia: breki zinakuwa ngumu.

Ndiyo maana kwa kila mpira uliobaki alitia kizibo kimoja cha kuuziba mfukoni mwa shati. Kizibo kikiwa bado mfukoni, kazi haijaisha, na shati halivuliwi.

"Tumegombana sana," anasema mkewe. "Anakaa mezani na grisi yake, ananiambia, mama watoto, bado kimoja."

Juzi alikuwa kwenye gari la mkunga wetu. Loki mpya zilikuwa tayari. Mpira mmoja aliukunja akaufunga kwa waya kwa muda tu, ajaribu injini kwanza. Kifua kikambana. Majirani wakamkimbiza hospitali, na huko akatutoka.

Katika hekaheka hizo, mkunga akaitwa kwa mama mjamzito ng'ambo ya mlima. Akaja gereji na ufunguo wake wa akiba, akawasha, injini ikaunguruma vizuri. Akaondoka.

Jana hospitali ilimkabidhi mjane mfuko wa nguo. Akapapasa shati. Kizibo kimo.

Simu ya mkunga haipatikani. Dada mkunga, ukinisikia, usiteremke mlima na gari hilo. Nawe msikilizaji wa huko, ukiona gari lake la kijani nje ya nyumba anamolia mtoto mchanga, tafadhali piga hodi. Sisi wengine tujiulize tumeacha nini wazi.

Kwa mjane, watoto na ndugu, poleni sana. Pole hii mjane mwenyewe amenikataza kuitoa. Ameketi mlangoni mwa gereji, kizibo mkononi.

"Mtanipa pole gari likirudi," amesema. "Mume wangu bado yuko kazini."